Marashi ya kupulizia chumba na shuka: namna ya kuyatengeneza yakakaa

Maswali yanayonijia kuhusu marashi ya kupulizia ni yaleyale. Kwa nini harufu inaisha kabla sijafika mlangoni? Kwa nini shuka nyeupe imetoka madoa ya njano? Mbona mafuta yanaelea juu ya maji hata nikitikisa mpaka mkono uchoke? Na je, spiriti ya dukani inafaa? Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla hujanunua chochote, shika mambo mawili.

La kwanza, hewa haishiki harufu. Ukipuliza katikati ya chumba, matone yanaelea dakika chache, dirisha lipo wazi, feni inazunguka, basi imekwisha. Kinachoshika ni kitambaa: pazia, mto, zulia, kochi, shuka. Kwa hiyo marashi "yanayokaa" ni yale yaliyotengenezwa yatue kwenye kitambaa bila kukiharibu, kisha yaachie harufu taratibu.

La pili, kuzidisha mafuta si dawa. Wengi wakiona harufu imeisha haraka wanamimina mafuta mara mbili, na wanachopata ni harufu inayoumiza kichwa kwa nusu saa, halafu kimya kilekile, tena na madoa juu yake. Kinachorefusha harufu ni aina ya mafuta. Mtu wa Pwani anajua hili hata kama hajawahi kulitamka: kanga iliyofukizwa udi inanukia hata baada ya kukaa sandukuni siku kadhaa, lakini ganda la chungwa ulilomenya asubuhi halinukii tena adhuhuri. Udi una viambata vizito, vivivu kuruka. Chungwa lina vyepesi. Nadharia inaishia hapo.

MAHITAJI

Ethanoli ya asilimia 95 au 96. Hii ndiyo inayoyeyusha mafuta na kukauka upesi kitambaani. Ulizia maduka ya malighafi za vipodozi na sabuni; Kariakoo yapo, na miji mingi mikubwa ina mtaa wake wa biashara hiyo. Waambie unataka ethanoli ya kutengenezea manukato, na usome asilimia kwenye lebo kabla hujalipa.

Maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Hapa fungua macho: asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyohiyo, wakati mwingine kwenye chupa inayofanana kabisa. Soma lebo neno kwa neno. Ukiwa na shaka yoyote, acha, chukua maji ya kunywa ya chupa kwa mchanganyiko mdogo. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie, yataacha vidoa vyeupe kwenye nguo nyeusi na kuziba tundu la pampu.

Mafuta ya harufu. Yapo ya aina mbili: mafuta asilia yaliyokenekwa kutoka mimea (mchaichai, karafuu, lavenda), na mafuta ya manukato yaliyoundwa kiwandani, ambayo wauza uturi huyauza kwa gramu au kwa tola. Yote mawili yanafaa. Usimsikilize anayekwambia asilia peke yake ndiyo salama. Mafuta ya gome la mdalasini ni asilia kabisa, na ni miongoni mwa yanayowasha ngozi vibaya zaidi.

Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama zile za masonara. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haitoshi.

Chupa ya glasi au ya alumini yenye pampu ya ukungu laini. Ile pampu ya kubonyeza kwa kidole kimoja ni bora kuliko "bastola", ile pampu ya kufyatua ya kusafishia vioo. Bastola inatema matone makubwa, na tone kubwa ndilo linaloacha doa.

Vingine ni vya kawaida: kikopo cha glasi cha kuchanganyia, dripu ya glasi (kijibomba cha kudondoshea matone) au bomba la sindano, karatasi ya chujio la kahawa, glavu, kipande cha shuka kuukuu nyeupe ya pamba kwa majaribio, lebo na kalamu isiyofutika.

VITU USIVYOPASWA KUTUMIA, HATA UKIAMBIWA VINAFAA

Spiriti ya bluu au zambarau. Ina methanoli, ambayo ni sumu, na rangi yake itaingia kwenye shuka. Hutaki kulala juu ya kitu hicho wala kuvuta mvuke wake chumba kikiwa kimefungwa.

Spiriti ya kusafishia vidonda. Baadhi hutiwa mafuta ya nyonyo na vitu vingine vya ngozi. Harufu yake ya zahanati haiondoki hata uifunike na udi wa bei gani.

Sanitaiza ya mikono. Ina gliserini au kitu cha kuifanya nzito. Shuka itanata.

Konyagi na vodka. Hizi ni asilimia 35 hadi 40 tu za alkoholi, zilizobaki ni maji. Mafuta hayatayeyuka humo ila kwa kiasi kidogo mno.

Dawa ya kulainishia nguo iliyochanganywa na bekingi soda na maji moto. Najua mchanganyiko huu unapendwa, maana ni rahisi na unanukia vizuri siku ya kwanza. Lakini ile dawa iliundwa isuuzwe pamoja na maji ya kufulia, haikuundwa kurushwa hewani na kuvutwa puani. Inaacha utando kwenye kitambaa, inafanya sakafu ya vigae iteleze, na soda inaacha unga mweupe kwenye kochi jeusi. Pampu nayo hudumu wiki chache tu.

KANUNI ZA MOTO

Sehemu hii usiiruke. Mvuke wa ethanoli unashika moto hata kwenye joto lililo chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kina nyuzi 28 au 30 siku ya kawaida. Changanya mbali na jiko la mkaa, jiko la gesi, mshumaa, dawa ya mbu inayowaka, sigara na chetezo. Fungua madirisha. Ikimwagika, futa na utoe kitambaa hicho nje.

Na kwa sababu wengi wetu tunafukiza: kama unataka udi na marashi siku moja, fukiza kwanza, toa chetezo nje ya chumba, zima makaa, ndipo upulize. Kupulizia shuka iliyotandazwa juu ya tenga la kufukizia wakati makaa yako chini ni kutafuta msiba.

MAJARIBIO MAWILI KABLA YA KUANZA

Mafuta mengi ya uturi yanayouzwa kwa bei nafuu yameshaongezwa kitu. Yakiongezwa kimiminika kinachoyeyuka kwenye ethanoli, hakuna neno, ni dhaifu tu. Yakiongezwa mafuta ya kula au mafuta mepesi ya madini, kazi yako imeharibika kabla hujaanza.

Chukua kijiko cha chai cha ethanoli ndani ya glasi ndogo, dondosha matone matano ya mafuta, zungusha, tazama kwenye mwanga. Yakipotea na ethanoli ikabaki angavu, mafuta yanafaa. Ukiona wingu, au vitone vya duara vinavyoteremka na kukaa chini kama jicho la samaki, warudishie wenyewe.

Jaribio la pili ni la ethanoli yenyewe. Mimina kidogo kwenye sahani safi, iache ikauke mbali na moto. Sahani ibaki tupu. Ikiacha unyevu unaonata, ina gliserini. Ikiacha rangi, unajua uliuziwa nini.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua harufu zako kwa uzito. Gawa mafuta katika makundi matatu. Mepesi: limau, chungwa, mchaichai, mnanaa. Ya kati: waridi, asumini, lavenda, langilangi, karafuu. Mazito: sandali, udi, pachuli, miski, vanila, ubani. Kwa marashi yanayotakiwa kukaa, nusu ya mchanganyiko au zaidi kidogo itoke kwenye mazito, theluthi hivi itoke kwenye ya kati, na mepesi yasizidi sehemu moja ya tano. Anayetaka chumba kinukie limau tupu mpaka kesho atahangaika bure. Limau halikai, na hakuna kitu utakachotia kulilazimisha. Unachoweza kufanya ni kuliegemeza kwenye mchaichai, ambao unadumu kuliko limau, na chini yake ukaweka miski.

Karafuu iheshimu. Mafuta ya karafuu ya Pemba hukenekwa hasa kutoka makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, na nguvu yake ni ya ajabu. Tone moja la ziada na chumba kizima kinakuwa kliniki ya meno.

2. Tengeneza kwanza mchanganyiko wa mafuta peke yake, bila ethanoli wala maji. Huu hapa mfano unaoanzia vizuri, jumla gramu 20:

Sandali, mafuta ya manukato: gramu 6
Miski nyeupe: gramu 4
Asumini, mafuta ya manukato: gramu 6
Mchaichai: gramu 3.2
Karafuu: gramu 0.8

Weka kikopo cha glasi juu ya mizani, rudisha sifuri, tia mafuta ya kwanza kwa dripu, rudisha sifuri, tia yanayofuata. Anza na mazito, malizia na karafuu. Kama mkono ulitetemeka na sandali ikawa 6.3 badala ya 6, andika 6.3. Siku utakapoupenda mchanganyiko huo utataka kujua uliufikiaje.

Usipime kwa matone. Tone la sandali ni kubwa na zito kuliko tone la mchaichai, na kila dripu ina mdomo wake.

3. Funika, weka gizani siku mbili au tatu. Mafuta yaliyochanganywa sasa hivi yananukia kila moja kivyake, yakikaa yanazoeana. Kisha chovya ncha ya kipande cha karatasi nyeupe, kinuse hapo hapo, baada ya saa moja, na asubuhi ya pili. Hiyo ya asubuhi ndiyo itakayobaki kwenye shuka yako. Usipoipenda asubuhi, rekebisha sasa, maana ukishatia ethanoli ni gharama.

4. Amua unatengeneza ya chumba au ya shuka. Hayalingani.

Ya chumba na mapazia, gramu 100: mchanganyiko wa mafuta gramu 5, ethanoli gramu 80, maji gramu 15.

Ya shuka, mito na nguo, gramu 100: mchanganyiko wa mafuta gramu 3, ethanoli gramu 75, maji gramu 22.

Ya shuka yana mafuta machache kwa sababu mbili: ngozi itagusana nayo usiku kucha, na kitambaa cheupe hakisamehe. Gramu 20 ulizochanganya zinatosha kutengeneza mara nne ya chumba, au mara sita ya shuka na akiba ibaki.

Angalizo la chupa: ethanoli ni nyepesi kuliko maji, ml 100 zake zina uzito wa gramu 80 hivi. Kwa hiyo gramu 100 za marashi haya hazitaingia kwenye chupa ya ml 100. Andaa chupa ya ml 150, au mbili za ml 60. Na usibadilishe gramu ukasoma ml kwenye kikombe cha kupimia, vipimo vyote vitayumba.

5. Pima mafuta kwanza, kisha tia ethanoli yote juu yake. Zungusha kikopo polepole mpaka usione michirizi. Mpangilio huu una maana. Ukianza na maji, mafuta yatakukimbia na hutayarudisha kwa urahisi.

6. Ongeza maji, kidogo kidogo, huku ukizungusha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Tia kama theluthi, zungusha, tazama. Kila tone likiingia utaona ukungu unatokea pale lilipoangukia, halafu unayeyuka. Hiyo ni kawaida. Ukungu ukianza kukawia kuondoka, punguza mwendo. Ukibaki palepale, simama: umefika mpaka wa mafuta hayo, hata kama maji yaliyopangwa hayajaisha. Tia ethanoli kidogo kidogo mpaka pang'ae tena, uandike kiasi ulichoongeza. Mafuta ya machungwa na limau huleta ukungu mapema kuliko sandali au miski, kwa hiyo kanuni moja haiwezi kufaa kila mchanganyiko.

Utajiuliza maji ni ya nini kama yanasumbua hivi. Yanapunguza ukali wa ethanoli puani, yanapunguza kasi ya kukauka kidogo ili matone yafike kitambaani badala ya kupotelea hewani, na yanapunguza gharama. Lakini maji si lazima. Ukitaka usalama wa madoa na ung'avu, punguza maji, wala usiongeze.

7. Funga, andika lebo: jina, tarehe, vipimo, na maneno "INASHIKA MOTO, USINYWE". Weka kabatini gizani wiki moja hadi mbili. Tikisa taratibu kila unapokumbuka. Ethanoli mpya ina makali yanayopiga pua. Yakishatulia, harufu za kati ndizo zinazojitokeza. Anayeuza aliyotengeneza asubuhi jioni yake anauza ethanoli yenye harufu.

8. Chuja kwa karatasi ya kahawa ukiona vumbi au mashapo, kisha mimina kwenye chupa ya pampu. Vyombo vyako viwe vikavu kabisa. Matone machache ya maji ya bomba yaliyobaki chupani yanatosha kurudisha ukungu.

9. Jaribu kwenye kipande cha shuka kuukuu. Puliza nusu yake kwa umbali wa sentimita 30 na nusu nyingine kwa sentimita 10. Acha kikauke kabisa, kisha kipige pasi. Madoa mengine hayaonekani mpaka joto lipite juu yake. Kama upande wa sentimita 30 ni safi na wa sentimita 10 una duara, umejifunza umbali wako. Kama pande zote zina njano, tafuta mwenye kosa: mara nyingi ni vanila, ambayo hugeuka hudhurungi kadiri siku zinavyokwenda, au udi na ubani wenye rangi, au mchaichai uliozidi.

KUPULIZA NAKO NI KAZI

Kitambaa kiwe kisafi na kikavu. Marashi juu ya jasho hayafuti jasho, yanafunga nalo ndoa. Na godoro lililoshika ukungu wa masika haliponi kwa kupulizwa. Lianike juani kwanza.

Zima feni. Simama mbali, puliza juu ya kitambaa ili ukungu ushuke wenyewe, mara mbili au tatu kwa upande mmoja wa kitanda. Mapazia yapulize upande wa ndani, sehemu ya chini ambako upepo unapita ukiingia. Kila upepo ukivuma pazia linafanya kazi yako. Mto upulize upande wa chini, si unapolaza uso. Kwenye kabati la nguo, pulizia kitambaa kidogo cha pamba, kiache kikauke nje, ndipo ukitundike ndani.

Subiri robo saa dirisha likiwa wazi kabla ya kulala au kuwasha chochote. Usipulize kwenye kitambaa halafu ukapiga pasi kikiwa kibichi, na usithubutu karibu na pasi ya mkaa. Usiyatie marashi haya kwenye tangi la pasi ya mvuke.

Hariri, ngozi, mbao zilizopigwa vanishi na kioo cha televisheni viepuke; ethanoli inakula vanishi na maji yanaacha alama kwenye hariri. Polista hushika harufu vizuri sana, wakati mwingine hata ukiifua, kwa hiyo hakikisha unaipenda harufu hiyo kabla hujaipulizia mapazia ya sebule.

Chumba cha mtoto mchanga na cha mwenye pumu usipulize. Nyumba yenye paka, tumia kwa uchache na usipulize anapolala. Ini la paka halimudu mafuta mengi ya mimea, hasa karafuu na mti-chai (tea tree). Ndege wa kufugwa wana mapafu mepesi kudhurika, watoe chumbani.

UKIKOSA ETHANOLI

Inawezekana kutumia maji, kwa msaada wa polisobeti 20, kiyeyushi kinachouzwa na wauza malighafi za vipodozi. Kwa gramu 100: mafuta gramu 1.5, polisobeti gramu 6, maji gramu 91.5, na kihifadhi cha vipodozi gramu 1, au kiasi kilichoandikwa kwenye lebo yake. Changanya mafuta na polisobeti kwanza mpaka yawe kitu kimoja, ndipo utie maji polepole. Yakibaki na wingu, ongeza polisobeti kidogo.

Niseme wazi kuwa siyapendi sana. Yanakauka polepole, yanaacha mnato kidogo kitambaani, na harufu yake haifikii ya ethanoli kwa kudumu. Faida yake ni moja, hayashiki moto, na kwa mwenye jiko na kitanda chumba kimoja hiyo si faida ndogo. Usiache kihifadhi. Maji na polisobeti bila kihifadhi huota kuvu, na utakuwa unapulizia kuvu kwenye mto wako. Tengeneza kidogo, umalize ndani ya wiki chache.

Kwa wanaofikiria biashara: vipimo vya nyumbani si kibali. Ulizia masharti ya shirika la viwango la kwako, yaani TBS ukiwa Tanzania Bara, ZBS Zanzibar, KEBS Kenya, na muuza mafuta akupe cheti cha usalama kinachoonyesha kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa bidhaa za kupuliza. Asiyeweza kukupa, tafuta mwingine.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Harufu inaisha haraka. Kwanza muulize mtu anayeingia kutoka nje. Pua ya mwenye nyumba huzoea ndani ya dakika chache na kuacha kukupa habari, na ndiyo maana jirani analalamika marashi yako ni makali wakati wewe unadhani yameisha. Naye akisema hakuna kitu, angalia mchanganyiko: mazito yamefika nusu? Yamefika? Basi pengine mafuta uliyouziwa yalishaongezwa kitu. Mwisho, uliza ulipuliza wapi. Hewani?

Yana wingu. Maji yamezidi kwa mafuta hayo. Ongeza ethanoli gramu mbili mbili. Wingu likija baada ya siku kadhaa bila wewe kuongeza chochote, huenda ni nta ya mafuta asilia; acha itue, uchuje.

Mafuta yameelea au yamekaa chini. Haya si wingu tena. Ama ethanoli yako si ya asilimia iliyoandikwa, ama mafuta yana mafuta ya kula ndani. Rudi kwenye yale majaribio mawili. Kutikisa kabla ya kupuliza si suluhisho, kwa sababu pampu inavuta kutoka chini: leo utapuliza maji matupu, kesho mafuta matupu.

Madoa kwenye shuka. Sugua kwa sabuni ya maji ya vyombo doa likiwa bado kavu, liache kidogo, kisha fua kwa maji vuguvugu. Usipige pasi kabla doa halijatoka. Ukitengeneza tena, punguza mafuta yawe gramu 2 na uondoe vanila.

Yananukia ethanoli tu. Hayajakaa vya kutosha. Yape wiki nyingine. Yakibaki hivyo, ethanoli yenyewe ni ya daraja la chini, na hakuna mafuta yatakayoificha.

Yamebadilika rangi chupani. Kama harufu ni ileile, ni vanila au karafuu inayokolea. Yatumie kwenye mapazia ya rangi, si kwenye shuka. Kama limau limeanza kunukia kama tapentaini, mafuta yameharibika kwa hewa na mwanga. Mwaga. Mafuta ya jamii ya machungwa usiyaweke zaidi ya mwaka, na chupa iliyofunguliwa na kubaki robo huharibika mapema zaidi.

Ngozi inawasha. Acha kabisa, fua shuka zote, na usijaribu "kuzoea". Ukitengeneza tena, toa mdalasini, karafuu na mchaichai, kwa mpangilio huo.

Pampu imeziba au inatema matone. Ichomoe, ichovye mdomo kwenye ethanoli safi usiku mmoja, kisha puliza ethanoli hiyo mara kumi kwenye kitambaa cha kutupa. Usichokonoe tundu kwa sindano, utalipanua na ukungu hautarudi. Kama imeanza kulegea na mpira wake umevimba, karafuu imeula. Nunua pampu nyingine, na mara nyingine omba yenye mpira unaostahimili mafuta.